Kitufe cha kompyuta mbovu kwenye Raspberry Pi 4: uzoefu wangu wa kuizima salama sebuleni

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ilitoka Juni 2019 ikiwa na karibu kila nilichokihitaji sebuleni: matundu mawili ya HDMI, USB 3 za kuchomeka diski ya filamu, mtandao wa waya wenye kasi, na nguvu ya kucheza video za 4K. Haina kitufe cha kuzimia. Ukiipa umeme inawaka yenyewe. Ukitaka izime, unapitia kwenye menyu. Kwa mtu anayeishi peke yake na anajua anachofanya, hilo si neno. Kwangu kuna watoto, kuna wageni wasiokwisha, na kuna mama, ambaye halali kabla hajazunguka nyumba nzima kuzima soketi ukutani.

Simlaumu. Soketi zetu zina swichi zake, na sisi tuliokulia Dar tumefundishwa hivyo tangu utotoni: ukimaliza kuangalia, zima ukutani, radi zikianza, chomoa kabisa. Kwa TV na feni utaratibu huo ni mzuri. Pi ni kompyuta, na kompyuta inayotumia memori kadi haipendi kukatiwa umeme ikiwa kazini.

Sababu ni hii. Linux, mfumo endeshi wa Pi, haiandiki kila kitu papo hapo kwenye kadi. Inakusanya kwanza kwenye RAM, na kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa humo hadi sekunde 30 hivi kabla ya kusukumwa. Kodi, programu ninayochezea filamu, nayo inaandika hata pale unapodhani imetulia: filamu umeishia dakika ya ngapi, picha za makava, logi. Juu ya hapo memori kadi ina kidhibiti chake ndani ambacho huhamisha data kutoka eneo moja kwenda jingine bila kukuambia, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo linaweza kuharibika hata faili ambalo hakuna aliyeligusa siku hiyo.

Natumia LibreELEC, Linux ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya Kodi, na hapa ina unafuu wake. Mfumo wenyewe umefungwa kwenye faili moja la kusomwa tu, haliandikwi, ndiyo maana mara nyingi Pi itawaka hata baada ya kukatiwa umeme vibaya. Kinachoumia ni sehemu ya pili ya kadi, yenye mipangilio yako na maktaba ya Kodi. Hicho ndicho kilichonikuta. Umeme wa mtaa mzima ulikatika wakati Kodi inasoma folda mpya ya tamthilia. Uliporudi, menyu ikaja vizuri, rangi zile zile, saa iko sawa, ila ukifungua Filamu, patupu. Nikaingia kwenye Pi kutoka kompyuta nyingine kwa SSH kusoma logi, nikakuta mstari unaosema "database disk image is malformed", na faili lililotajwa ni MyVideos131.db, ambalo ndilo maktaba ya video kwenye Kodi 21. Filamu zote zilikuwa salama kwenye diski ya nje. Kilichokwenda ni kumbukumbu ya nini kimeshaangaliwa na nani ameishia wapi, na kwa nyumba yenye watoto wanaofuatilia katuni tofauti, kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko unavyodhani.

Basi nikaanza kupima njia za kuzima, moja baada ya nyingine.

Menyu ya Kodi inafanya kazi bila shida yoyote. Alama ya kuzima iko juu kushoto, unachagua, baada ya sekunde chache imezima. Mimi naitumia. Mgeni hawezi kuijua, na mama hataki kuijua.

Kore, programu ya simu ya kuendeshea Kodi, nayo ni nzuri, ina sehemu ya kuzima. Lakini simu iwe na chaji, iwe kwenye Wi-Fi ya nyumbani, na mwenye simu awepo. Usiku wa saa tano mwenye simu kashalala.

Njia niliyoipa matumaini makubwa ni HDMI-CEC, ile inayofanya rimoti ya TV iiendeshe Pi kupitia waya wa HDMI. Kwenye TV za Samsung imeandikwa Anynet+, kwenye LG ni SimpLink, kwa Sony ni Bravia Sync. Ni kitu kile kile. Ndani ya mipangilio ya Kodi, upande wa vifaa vya kuingizia, unakuta adapta ya CEC na unaiambia ifanye nini TV ikizimwa. Nikaweka izime. Siku za mwanzo raha tupu: rimoti moja, unazima TV, Pi nayo inajizima kwa adabu. Asubuhi ndipo kazi inapoanza, maana Pi 4 ikishazima haiamshwi na TV. Unabonyeza rimoti mpaka kidole kichoke, skrini inakwambia hakuna mawimbi. Dawa ni kuchomoa waya na kuchomeka upya, yaani nimewafundisha watu wa nyumbani kufanya kile kile nilichotaka waache. Nikarudisha mipangilio ya zamani: rimoti iendeshe menyu, kuzima isihusike.

Njia iliyobaki ilikuwa kitufe, na hapa naomba nikae kidogo.

Kwenye safu ya pini 40 za Pi, pini namba 5, ambayo kwa jina la kiufundi ni GPIO 3, ina tabia ya pekee: Pi ikiwa imezimwa lakini umeme bado unaingia, ukiigusanisha kwa muda mfupi na pini ya ardhi, Pi inaamka. Tabia hiyo ipo tangu kiwandani, huhitaji kuweka chochote. Ili pini hiyo hiyo izime pia, unaongeza mstari mmoja kwenye faili la config.txt. Ukishaizima Pi kwa menyu, chomoa kadi, ichomeke kwenye kompyuta yoyote, fungua sehemu ndogo inayoonekana, na mwisho wa faili andika:

dtoverlay=gpio-shutdown

Basi. Hakuna programu ya kupakua wala msimbo wa kunakili. Bonyeza mara moja izime, bonyeza tena iwake.

Kitufe chenyewe sikununua. Mafundi kompyuta huwa na makasha ya kompyuta za mezani zilizokufa, na kila kasha lina kitufe cha kuwashia chenye waya mbili zinazoishia kwenye kiplagi kidogo cheusi kilichoandikwa POWER SW. Fundi alinipa hivi hivi, akashangaa sichukui kingine. Uzuri wake ni kwamba matundu ya kiplagi kile yameachana milimita 2.54, sawasawa na pini za Pi, na pini ya 5 na ya 6, ambayo ni ardhi, zinatazamana. Kwa hiyo hakuna kulehemu. Unakisukuma kikae juu ya pini mbili hizo, na hakina upande wa chanya wala hasi.

Tahadhari ni moja na ni ya kweli: hesabu jozi kuanzia kona iliyo upande wa memori kadi. Jozi ya kwanza ni pini 1 na 2, ya pili ni 3 na 4, yako ni ya tatu. Pini 2 na 4 ni volti 5, na pini za GPIO zinavumilia volti 3.3 tu. Ukikosea hatua moja, ukaiunganisha volti 5 na pini ya GPIO, unaweza kuiua Pi papo hapo. Tumia tochi ya simu, hesabu, hesabu tena, na umeme uwe umechomolewa.

Kama kasha lako lina kifeni, huenda kimeshakalia pini 4 na 6. Hapo ardhi unaitafuta kwingine, pini ya 9 kwa mfano, na itabidi utenganishe waya za kitufe kwa sababu kiplagi cha pamoja hakitafika. Na kama una kiskrini kidogo au saa inayotumia I2C (njia ya vifaa kuwasiliana kupitia pini), sahau pini ya 5, inatumika huko. Unaweza kuhamishia kuzima kwenye pini nyingine, lakini kule kuamka utakukosa.

Matokeo? Hakuna tena anayeniuliza namna ya kuzima. Kasoro niliyoiona ni kwamba hakuna sharti la kushikilia: mguso mmoja tu imezima, na mtoto wa miaka mitatu hapiti mbele ya kitufe bila kukibonyeza. Nimekibandika nyuma ya kabati la TV, upande ambao mkono wa mtu mzima unafika.

Kuna jambo la taa ambalo lilileta mjadala. Pi ikizima, taa ya kijani inapepesa kwa mpigo ulio sawa kisha inakata, lakini nyekundu inabaki, kwa sababu nyekundu inaonyesha kwamba umeme unaingia, haionyeshi kwamba mashine inafanya kazi. Mama alikuja akanionyesha, "Mwanangu, hiki kidude chako hakijazima, taa hiyo." Tukakubaliana hivi: bonyeza, kijani ikifa, swichi ya ukutani ni ruksa. Anaendelea na mzunguko wake wa usiku kama zamani, ila sebuleni anasimama kidogo.

Kitufe kimenisaidia zaidi pale ambapo sikutarajia, kwenye giza. Pi na ruta ziko kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta ya mezani. TV haiko, ingeimaliza betri mara moja. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha na aliyetumwa kununua tokeni hajarudi, TV imekufa lakini Pi bado inafanya kazi. Menyu utaionea wapi? Rimoti na CEC hazina maana tena. UPS ikianza kulia, aliye karibu anapapasa nyuma ya kabati, anabonyeza, yamekwisha.

Nilijaribu kwanza zile UPS nyembamba za ruta, kwa kuwa ni za bei nafuu na zinauzwa kila mahali. Ya kwangu ilikuwa na tundu la USB la volti 5 kwa ampea 2. Pi 4 inataka ampea 3, na ukiongeza diski ya nje inayonyonya umeme kutoka kwenye Pi yenyewe, alama ya radi inatokea kwenye kona ya skrini. Alama hiyo maana yake volti zimeshuka chini ya 4.63, na kwenye hali hiyo uharibifu wa data unaweza kuja hata bila umeme kukatika. Ruta yako itaipenda, Pi iache.

Kitufe hakizuii kila kitu, kwa hiyo nimebakiza nakala. Kwenye mipangilio ya LibreELEC kuna sehemu ya kutengeneza nakala ya mfumo na Kodi pamoja; naitoa kwenye flashi kila ninapoongeza filamu nyingi. Wanaotumia Raspberry Pi OS wanaweza kuwasha mfumo wa kusomwa tu kupitia raspi-config, programu yake ya mipangilio, lakini kwa sebuleni siupendi, kwa sababu kinachoandikwa kwenye kadi kinapotea ukizima, na ile alama ya ulipoishia itakwenda nayo.

Kwa anayenunua leo, Raspberry Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, ina kitufe kwenye ubao wenyewe, na nimeiona kwa shemeji ikifanya kazi vizuri. Inataka chaja ya ampea 5 ili itoe nguvu zake zote, na wameondoa kifaa cha kufungua video za H.264 (aina iliyoenea sana), kazi hiyo inafanywa na prosesa yenyewe, ingawa kwa video za 1080p sikuona ikikwama. Kama tayari una Pi 4 inayocheza filamu zako bila shida, usiibadilishe kwa ajili ya kitufe. Mtafute fundi mwenye kasha bovu.