OS/2 Warp au Windows 95?
Wengi walioijua OS/2 Warp, mfumo wa IBM wa kuendesha kompyuta, watakuambia ndiyo iliyokuwa bora kuliko Windows 95. Mimi nakubali nusu tu. IBM iliitoa mwaka 1994. Microsoft, mshirika wake wa zamani katika mradi wa OS/2, ikaleta Windows 95 tarehe 24 Agosti 1995.

Warp ilitenganisha programu vizuri: moja ikianguka, nyingine ziliendelea. Ila dirisha moja likigoma kupokea amri za kibodi na kipanya, skrini nzima iliweza kuganda, ingawa kazi za ndani zinaendelea. Inaudhi! Windows 95 nayo bado ilibeba mgongoni DOS, mfumo wa zamani wa kuandika amri, na kuanguka ilianguka sana. Lakini aliyewasha kompyuta kwa mara ya kwanza aliona kitufe cha Start chini kushoto, akajua pa kuanzia. Na faili sasa likaitwa “Barua kwa mama mkwe”, si BARUAMAM.DOC. (Warp iliyaweza majina marefu mapema, kwenye diski zilizotumia HPFS, mpangilio wa faili wa OS/2. Nani alijua?)

Kilichoiponza Warp ni ukarimu. Iliendesha programu za Windows 3.1 vizuri kiasi kwamba watengenezaji wengi hawakuona haja ya kuiandikia za kwake. Zilipokuja zile za Windows 95, ikashindwa kuziendesha. Kwa nyumbani ningechukua Windows; kwenye mashine za ATM, ambako OS/2 ilidumu miaka mingi, sina ubishi.