Milingi ya mkono kwenda kompyuta kwa awamu: nunua skrubu kabla ya mota

Kama unataka mashine yako ya milingi (ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) iendeshwe na kompyuta na pesa inapatikana kidogo kidogo, kinachoumiza si bei bali kununua kwa mpangilio mbaya. Mimi ningepanga hivi.

Namba moja ni skrubu za gololi, yaani skrubu za kusogeza meza ambazo nati zake zina gololi ndani. Wengi hukimbilia mota. Lakini shika meza ya mashine iliyochoka uisukume huku na huku: ule mchezo (ulegevu kati ya skrubu na nati) unaousikia mkononi hauondolewi na programu. Programu huufidia meza inapogeuza mwelekeo, ila meno ya kisu yakianza kuivuta kazi, meza itaruka tu. Skrubu za daraja la usahihi C7 hukosea hadi milimita 0.05 kwa kila milimita 300, na kwa karakana nyingi inatosha. C5, iliyo sahihi zaidi, isubiri kazi inayoidai. Usibane matumizi kwenye beringi za ncha za skrubu, maana zikilegea mchezo unarudi palepale. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: skrubu hizi hazijifungi zenyewe kama zile za zamani. Umeme ukikatika kichwa kinaweza kushuka, kwa hiyo mhimili wa Z (wa juu na chini) uwekee mota yenye breki au uzito wa kusawazisha.

Namba mbili, mota. Chaguo langu ni stepa (mota inayozunguka hatua kwa hatua) yenye enkoda, kihisi kinachoangalia kama imefika ilipoagizwa. Stepa ya kawaida ni rahisi, lakini ikizidiwa hupoteza hatua kimyakimya, na programu huendelea kuchonga mahali pasipo pake. Sevo, mota inayojirekebisha muda wote kwa kufuata kihisi chake, ndiyo bora kwa mwendo wa kasi, ila kwa mashine ya mezani ni anasa. Anza na mhimili wa X (wa kushoto na kulia) peke yake. Hata kabla ya mingine kufungwa, tayari meza inajisogeza yenyewe unapochonga.

Kidhibiti, yaani programu inayoziamuru mota, kinafuata. LinuxCNC ni bure na ina nguvu. GRBL kwenye Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki) inafaa mashine ndogo. Mach3 ya Windows kupitia paraleli poti, tundu la printa za zamani? Labda kama kompyuta ya zamani tayari unayo. Vyovyote vile, kitufe cha dharura kikate umeme wa mota chenyewe, kisiiombe programu ruhusa.

Skrini ya vipimo yenye rula za kioo, inayokuonyesha meza ilipo, nimeiweka mwisho, kwa sababu mihimili yote ikishafungwa mota utaitazama mara chache. Ila kama unajua utaishia kwenye mota ya X tu na mingine utaizungusha kwa mkono, skrini hiyo ipandishe hadi namba moja na skrubu za gololi uzisahau.