Simu Inaganda? Usikimbilie Kariakoo Kwanza

Mwaka jana shangazi alinikabidhi simu yake, akasema imezeeka, nimtafutie nyingine. Ilikuwa Android ya miaka mitatu, na kila akifungua WhatsApp ilimwacha anatazama kioo cheupe. Kuingia kwenye hifadhi, nikakuta imejaa pomoni: video za kamati mbili za harusi, salamu za asubuhi zenye maua, mahubiri yaleyale yametumwa mara nne. Nikafuta mpaka robo ya nafasi ikabaki wazi, nikaizima na kuiwasha. Anaitumia hadi leo.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu ya dawa za simu inayoganda naipa simu uliyo nayo mkononi. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja, ni lazima kwanza ifute kipande kizima. Ikijaa, kila picha mpya inasubiri chumba kisafishwe.

Mtuhumiwa mwingine ni betri. Betri iliyochoka hushindwa kutoa umeme wa kutosha prosesa, yaani ubongo wa simu, inapobanwa na kazi nzito, na simu huzima ghafla. Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa ilikuwa ikizipunguzia kasi iPhone 6, 6s, SE na 7 zenye betri za namna hiyo ili zisizime, na 2018 ikashusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Wengi waliondoka na hasira tu. Mimi niliondoka na jambo la kunisaidia mfukoni: simu hizo zikiwekewa betri mpya, kasi inarudi. Kwa hiyo mwone fundi kabla ya muuzaji.

Umefuta, umebadilisha betri, bado inakwama? Haya, twende dukani.

Nafasi ya pili naipa Android mpya ya bei ya kati yenye ahadi ndefu ya masasisho. Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa matoleo sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Ila ahadi hiyo haina maana ukichukua yenye RAM ndogo, ile kumbukumbu ya muda ya kuendeshea programu, kwa sababu programu zinanenepa kila mwaka. Chukua GB 6 au zaidi. Na hapa ndipo tunapopigwa: boksi la simu fulani linasema "RAM 8GB", kumbe chini yake, kwa maandishi ya sisimizi, ni 4+4. Zile nne za nyongeza ni kipande cha hifadhi kilichokopwa, na hifadhi ni ya polepole mno kulinganisha na RAM yenyewe. Mwambie muuzaji aiwashe, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, usome mwenyewe. Akianza kukuambia "ni ileile tu, kaka", nenda duka la pili. Faida nyingine ya Android ni menyu za Kiswahili, jambo kubwa kama simu ni ya mama kijijini.

Ya tatu ni iPhone ya mtumba. Inavumilia miaka, sibishi, lakini angalia ni ipi. iOS 26, toleo la mfumo wa iPhone la Septemba 2025, iliziacha nje XR na XS, na 11 ndiyo imebaki mlangoni. Mwenye uwezo aende 13. Usichukue yenye hifadhi ya GB 64, maana iPhone haina pa kuchomeka memori kadi. Tazama afya ya betri: ikiwa chini ya asilimia 80, ongeza gharama ya betri mpya kwenye bei kabla hujaanza kupatana. Kisha hakikisha mwenye nayo wa zamani ametoka kwenye akaunti yake. Simu inayodai nenosiri la mtu usiyemjua ni kioo cha kujitazamia tu. Na zile iPhone 6 za bei ya kutupa, waachie wengine: tangu 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone isiyofika iOS 15.1, na 6 haifiki.

Mwisho ni Tecno, Infinix na itel za bei ya chini kabisa, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen. Sizidharau. Betri zake zinakaa na chaji, laini mbili zinaingia, na matoleo yake ya juu yanaweza kupanda hadi nafasi ya pili. Ila ile ya RAM GB 2 ni ya kupigia, kutumia M-Pesa na kusoma ujumbe. Ukiijaza michezo na TikTok utarudi kulalamika kabla mwaka haujaisha.

Chochote utakachochagua, piga *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania unaweza pia kuituma kwenda 15090 uone ni simu ya aina gani; TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia Juni 2016, na waliouziwa walibaki nazo mkononi. Dai risiti iandikwe IMEI hiyo, na usitoke dukani kabla hujapiga simu moja kwa laini yako mwenyewe.