Steshenari ya kuombea chuo Moshi mjini, fasta ila kaa nao macho

Mimi nina digrii ya biashara ila nataka kufundisha, na mtaani kila mtu anakwambia anza digrii nyingine ya ualimu upya, miaka yote hiyo, kumbe ipo stashahada ya uzamili ya ualimu, ile PGDE, hata Chuo Kikuu Huria wanayo, ndo nikaenda kuombea kwenye steshenari moja karibu na stendi. Dada wa pale anajua kazi, cheti cha fomu foo mpaka transkripti kaskani vyote vinasomeka, namba ya mtihani ya NECTA kaijaza na mwaka wake bila kuulizwa. Sasa balaa, akaunti ya maombi ya chuo wanafungua kwa imeili yao na paswedi wanabaki nayo wao!! Yani ukitaka kujua kama umechaguliwa urudi ulipie tena, jamani. Nikakomaa nao mpaka wakaweka imeili yangu, kontrol namba (namba ya kulipia) ikatoka nikalipa kwa simu palepale. Kuskani wanachaji kwa peji na bei imechangamka kidogo. Nyota tatu. Nendeni asubuhi, mchana wanafunzi wanajaa hapo hata pa kusimama hakuna.