TAHADHARI: Wauza "ramani za 3D" wasiokanyaga kiwanja chako

Ndugu zangu mnaojipanga kujenga, hasa mnaotafuta ramani kupitia simu, naomba mnisome kabla hamjatuma hela.

Mwezi wa tatu nilimpata kijana anayetangaza ramani za nyumba mtandaoni. Picha zake zinavutia kweli: vioo vikubwa, taa za bustani, gari limeegeshwa mbele ya baraza. Nikamweleza nataka ghorofa moja, vyumba vinne, kiwanja kipo Goba, Dar es Salaam, mita 20 kwa 25. Akanijibu, "Usijali dada, tunatumia Revit, kila kitu kinatoka kwenye modeli moja." Revit ni programu ya kompyuta ya kuchorea majengo, na modeli ni nyumba nzima iliyojengwa humo ndani ya kompyuta. Bei laki tisa na nusu, humo humo michoro ya mhandisi na mihuri ya kuombea kibali. Nikamtumia laki sita kwenye namba yake binafsi. Kiwanjani hakufika hata siku moja, akasema picha nilizompigia zinamtosha.

Wanaoijua Goba wanavijua vilima vyake. Fundi alipovuta kamba na kupima usawa kwa mpira wa maji, mbele na nyuma ya kiwanja vikapishana mita 1.6. Ramani imechora ardhi tambarare kama meza. "Dada, hii nyumba ni ya kiwanja kingine," fundi akaniambia, akakunja kamba zake.

Nikakaa na mdogo wangu anayesomea usanifu majengo, tukaipitia karatasi kwa karatasi. Ngazi kwenye plani, yaani mchoro wa nyumba ikitazamwa kutoka juu, zina vidato 16, kwenye mchoro wa mkato, unaoonyesha nyumba kama imekatwa kwa kisu toka juu hadi chini, vidato 18. Dirisha la sebule kwenye plani ni mita 1.5, kwenye ile picha nzuri ni ukuta mzima wa kioo. Ndipo akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema, hela yangu ningekuwa nayo. Michoro ikitoka kweli kwenye modeli moja, ukisogeza dirisha kwenye plani linasogea lenyewe kwenye mkato na kwenye picha, maana ni dirisha lile lile linatazamwa kutoka pande tofauti. Zikipishana namna hii, ujue picha katengeneza mtu wake, plani kachora mwingine, na hakuna aliyekaa akazilinganisha.

Na ndivyo ilivyokuwa. Maelezo ya ukuta yanasema nguzo za mbao zilizojazwa sufi ya kuzuia baridi. Sisi tunajenga kwa tofali! Sebuleni pamechorwa mahali pa kuota moto. Chemba za maji taka hazipo, shimo halipo, tanki la maji halina pa kukaa. Choo cha juu kimekalia jiko na bomba lake halina pa kushukia. Nilipombana akakiri kazi aliituma nje ya nchi, kwa mchoraji anayelipwa kwa idadi ya karatasi.

Kuchorewa na mtu wa mbali si dhambi. Ofisi makini zinazogawa kazi hivyo zipo, ila msanifu wao anafika kiwanjani, anakagua kila karatasi na kuigongea muhuri wake, ili siku ukuta ukipasuka awepo wa kuulizwa. Kwangu hakuwepo.

Halmashauri ndiyo iliyoniokoa. Afisa alisoma jina la mhandisi kwenye muhuri, akampigia. Mhandisi hajawahi kuiona nyumba yangu. Muhuri ulikatwa kwenye mchoro wa mtu mwingine ukabandikwa kwenye PDF. Ukikuza ukurasa unaona kipande cheupe kimefunika mistari. Mpaka leo hili linaninyima usingizi: slabu ya sebule yenye upana wa mita 6.5, nondo zake aliamua nani? Wanangu wangelala juu yake.

Kwa hiyo omba namba ya usajili kabla ya kulipa, ya msanifu kutoka AQRB (bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) na ya mhandisi kutoka ERB (bodi ya usajili wa wahandisi), uziulizie kwenye bodi zenyewe, kisha umpigie mwenye muhuri kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa muuzaji. Picha za kazi za muuzaji zitafute Google. Ile nyumba aliyodai kaijenga Kigamboni niliikuta kwenye tovuti ya kigeni. Na sehemu kubwa ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka kibali kitoke.

Laki sita hajarudisha. Ukurasa wake ameubadilisha jina, lakini picha ya gari mbele ya baraza bado anaitumia. Kama tayari umelipa malipo ya mwanzo, mwombe leo faili la modeli lenyewe, PDF isikutoshe, ulifungue mbele ya mtu anayeijua kazi. Mimi nilipoliomba alisoma ujumbe, dakika chache baadaye akaifungia namba yangu.