TAHADHARI: "Luti ya baroque" inayouzwa mtandaoni ni gitaa lililovishwa tumbo la luti

Ndugu zangu wapiga udi na gitaa mnaotamani kupiga muziki wa Weiss na Bach, watunzi wa Kijerumani wa karne ya 18, kwa luti (chombo cha nyuzi cha Ulaya chenye tumbo kama la udi), msitume hela kabla ya kusoma hapa. Yupo muuzaji anayetangaza "luti ya baroque, jozi 13, tayari kupigwa" kwa bei ya gitaa la kawaida. Anaweka picha moja tu ya mbele, na kichwa cha chombo hakionekani. Anataka nusu ya malipo kwanza. Ukimwomba picha ya kichwa, anasema kuna mteja mwingine anasubiri.

Kichwa ndicho kinachomuumbua. Luti ya jozi 13 ina nyuzi 24: jozi mbili za juu kwa kweli ni uzi mmoja mmoja, kumi na moja zilizobaki ni mbili mbili. Basi hesabuni vigingi 24 vya mbao. Ya jozi 11 ina 20. Mkiona sita, au mashine za chuma za kukazia, hiyo ni gitaa-luti ya Kijerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20, yenye freti za chuma na inayotuniwa kama gitaa. Si chombo kibaya, ila kiuzwe kwa jina lake. Freti za luti ya baroque ni za utumbo wa mnyama, zimefungwa kwa fundo kuzunguka shingo na zinasogezwa.

Wauzaji wengine huchukua udi wakaufunga freti. Uzi wa udi una urefu wa sm 58 hadi 61 na shingo yake ni nyembamba. Jozi 13 hazienei. Luti ya jozi 13 huwa na sm 68 hadi 76, kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani. Mwambieni apige picha na futi ya kupimia ikiwa juu ya nyuzi.

Linaloniuma zaidi ni nyuzi anazofunga, maana zinaharibu hata chombo ambacho kingeokolewa. Uzi wa kwanza wa luti hii ni F. Kwa sm 70 na A ya 415 (yaani noti A ikitetema mara 415 kwa sekunde), uzi wa nailgati, plastiki inayoiga utumbo, wa milimita 0.40 unavuta kama kilo 3.5. Huyu anafunga uzi wa kwanza wa gitaa la nailoni, milimita 0.71, ukiukaza hadi F hiyohiyo unavuta kilo 9. Uso wa luti ni ubao wa sprusi wa milimita 1.5 hivi, na nyuzi 24 za kilo tatu tatu tayari ni zaidi ya kilo 70. Ukizidisha, daraja linabanduka kuanzia ukingo wa nyuma, uso unazama mbele ya daraja, shingo inapanda, na nyuzi zinakaa juu mno kushikika.

Anayesisitiza nyuzi za utumbo afanye hesabu hii kabla ya kununua: urefu kwa mita mara mitetemo ya F, ambayo ni 330 kwa A ya 415. Sm 70 inatoa 231, uzi utadumu. Sm 76 inatoa 251, utakatika upesi. Shusheni hadi A ya 392 mpate 236. Kwa hiyo muuzaji anayesema "tuni yoyote inafaa" hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Luti ya fundi ni maelfu ya euro. Kama mfuko hauruhusu, Lute Society, chama cha luti cha Uingereza, hukodisha luti kwa wanachama wake. Ni njia salama kuliko hii.

Kwa aliyekwisha kupokea mzigo: legeza nyuzi zote leo, kidogo kidogo, ukianzia besi. Usigundishe kitu chochote wala usimpe fundi. Piga picha za kichwa, daraja kwa ubavu na kipimo cha uzi, kisha fungua dai la kurudishiwa fedha mahali ulipolipia kabla muda wake haujaisha. Akikuomba ufunge dai kwanza ndipo akurudishie, usikubali.