Meza ya "Mwaloni wa Malaysia"

Mwezi Februari nilinunua meza ya chakula yenye viti 6 katika duka moja la samani jijini Dar es Salaam, kwa shilingi 1,450,000, baada ya muuzaji kunihakikishia, na hata kuandika kwenye risiti, kwamba ni ya mwaloni wa Malaysia. Mwaloni ni jina ambalo wengi wetu tulilisikia kanisani kabla ya kulisikia dukani, hivyo sikuwa na la kubisha.

Jamaa ya mialoni ipo Malaysia kweli. Katika misitu yake ya mvua humea miti ya jenasi Lithocarpus, ambayo huzaa tunda lililokaa ndani ya kikombe kama la mwaloni wenyewe. Mbao zake huuzwa kwa jina la mempening, nazo ni nzito, ngumu, na ukizitazama kwenye ncha iliyokatwa huonekana mistari mipana inayotoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome.

Fundi wangu wa Keko, niliyemwita kwa ajili ya kiti kilichokuwa kikilia, aliipindua meza na kukwangua vanishi kwa msasa, sehemu isiyozidi kiganja. Ubao ulikuwa mweupe wa maziwa yaliyoguswa na chai, umeungwa kwa vipande vifupi vilivyong'atana kwa meno na gundi, wala hapakuwa na mstari mpana hata mmoja. "Bosi, huu ni mpira," alisema. Ndiyo, mpira huu wa kugemwa utomvu, ambao kwa ukoo ni ndugu wa mhogo na si wa mwaloni, na ambao hukatwa mashambani ukishazeeka na utomvu kupungua. Muuzaji hakulitunga jina. Biashara ya samani duniani imekuwa ikiuita mpira huu "mwaloni wa Malaysia" kwa miaka mingi.

Meza yenyewe sina ugomvi nayo: haikupinda masika yote, na miguu imetulia. Vanishi ndiyo dhaifu, kwani glasi ya maji baridi iliacha duara jeupe siku ya kwanza, na mbao za mpira hushikwa upesi na ukungu na wadudu pale unyevu unapopenya. Niliporudi dukani sikurekebishiwa risiti, nikapewa kopo dogo la vanishi. Ikiandikwa mpira na kushushwa hadi milioni moja, ningemshauri mtu ainunue.